Kitabu Alichokisifia Lightness

Jumamosi, kabla jua halijachomoza juu ya msitu wa Magamba, Lightness alikuwa ameshachota maji ndoo mbili, amekata majani ya ng'ombe na kufunga karoti mafungu mafungu. Kisha yeye na mama yake, Esta, walijitwika matenga na kushuka kwa miguu hadi sokoni Lushoto. Ulikuwa mwendo wa saa moja na nusu, na ukungu wa kipupwe uliwapenya hadi kwenye mifupa.

Mwaka huo, 2007, Lightness alikuwa na miaka kumi na tatu, darasa la sita. Baba yake alikuwa amepunguzwa kazi kiwanda cha mbao kilipobinafsishwa. Sasa alifanya vibarua huko Magoma, akirudi nyumbani mara moja kwa mwezi. Shamba, ng'ombe na kuni vyote vilibaki mikononi mwa mama na Lightness. Usiku mtoto huyo alilala fofofo, lakini asubuhi aliamka na uchovu uleule wa jana.

Mama akishapanga bidhaa zake, Lightness alikwenda kwenye maktaba ndogo ya usharika. Ilikuwa na makabati matatu ya vitabu na kompyuta moja. Mtunzaji wake, dada Klara, ndiye aliyemwandikisha kwenye Ukumbi wa Wasomaji, kundi la wapenda vitabu waliokutana mtandaoni. Wanachama walikuwa Muheza, Mbeya, Arusha na kwingineko. Walisoma vitabu, wakaandika maoni na kuulizana maswali, ingawa wengi wao hawakuwahi kuonana. Siku ya kwanza mzee mmoja wa Mbeya, aitwaye Lusajo, aliandika, "Karibu sana, Lightness wa Magamba!" Lightness aliyasoma maneno hayo mara tatu. Hakuwahi kukaribishwa na mtu wa mbali namna hiyo.

Majuma ya mwanzo alisoma kweli. Kisha msimu wa kuvuna karoti ukapamba moto. Jioni alifungua kitabu karibu na jiko la kuni, akasoma mstari mmoja mara nne bila kuuelewa, kisha usingizi ukamchukua. Jumamosi ilipofika, alikuwa bado yuko sura ya kwanza. Aliona aibu kukaa kimya huku wenzake wakiandika. Basi akasoma maneno ya nyuma ya jalada, akapitia ukurasa wa mwisho, akaandika maoni kana kwamba amemaliza. Alisifiwa kama kawaida.

"Lightness anasoma kuliko sisi watu wazima," mzee Lusajo aliandika.

Juma lililofuata akafanya vilevile, na mawili yaliyofuata pia.

Ndipo Hadija, msichana wa Muheza, alipoomba msaada. Alieleza kwamba mdogo wake, Abdallah, alifariki mwezi wa tatu, na tangu hapo mama yao haongei sana. Jioni Hadija humsomea kitabu ili achangamke. "Nataka kitabu cha kuchekesha, ambacho hakuna mtu anayekufa," aliandika.

Lightness alikumbuka kitabu chake cha mwisho, cha msichana mfuga njiwa. Sura ya kwanza ilimchekesha, na ukurasa wa mwisho ulikuwa na harusi. Akajibu, "Mchukulie kile cha msichana mfuga njiwa. Hakuna anayekufa. Utacheka mpaka mwisho."

Jumamosi mbili baadaye alikuta ujumbe.

"Lightness, hujambo? Kile kitabu tulikipata, tukaanza kusoma. Mama alicheka kwa mara ya kwanza tangu msiba. Lakini sura ya tisa mdogo wake yule msichana anakufa kwa homa. Mimi ndiye niliyekuwa nasoma kwa sauti. Mama aliinuka akaingia chumbani. Mpaka leo hataki nimsomee tena. Ulisema hakuna anayekufa. Ulisahau?"

Lightness alianza kuandika: Ndiyo, nilisahau. Akaishia hapo, macho yakiwa kwenye kioo.

"Vipi, mbona umekauka?" dada Klara aliuliza kutoka mezani kwake.

"Dada, mimi sikusahau," Lightness alisema kwa sauti ya chini. "Sikukisoma."

Klara alisogea, akausoma ujumbe wa Hadija mpaka mwisho. Alivuta kiti akakaa.

"Vingapi hukuvisoma?"

"Vinne. Kila nikishika kitabu nasinzia, dada. Nimechoka. Niliona nikinyamaza watanisahau."

"Uchovu wako nauona kila Jumamosi, na si kosa," Klara alisema. "Lakini huyu mwenzako amekuuliza. Mwambie ukweli, na hao wengine pia wasome."

Lightness alifuta alichoandika. Akaandika upya, kidole kimoja kimoja: "Hadija, sikusahau. Sikukisoma kitabu kile, wala vitatu vya kabla yake. Nilidanganya. Naomba unisamehe, na uniombee radhi kwa mama yako."

Njiani kurudi Magamba alimsimulia mama yake. Esta alihamishia tenga tupu bega la pili.

"Kwa nini hukuniambia kwamba umechoka?" aliuliza.

"Na wewe umechoka, mama."

Esta alisimama, akamtazama. "Mimi ni mtu mzima. Kuanzia sasa, Jumapili baada ya ibada hutashika jembe wala ndoo. Utakaa usome."

Jumamosi iliyofuata Hadija hakuwa amejibu. Mzee Lusajo tu ndiye aliyeandika: "Imeniuma, mjukuu wangu. Lakini umesema mwenyewe." Lightness alirudi sokoni kumsaidia mama kuuza.

Jibu la Hadija lilikuja Jumamosi ya pili. "Nilikasirika sana. Nilimsomea mama ujumbe wako. Akauliza una umri gani, nikamwambia. Amesema amekusamehe, na upumzike. Tutafutie kitabu kingine, lakini safari hii ukisome wewe kwanza. Tutasubiri."

Lightness alichagua kimoja chembamba. Jumapili ya kwanza alifika sura ya tatu, ya pili akafika ya sita. Kila Jumamosi aliwaandikia wenzake alipofikia, bila kuongeza kitu. Juma la nne alimaliza, akaandika: "Hadija, nimekisoma chote. Kuna mbuzi anayepotea, lakini anapatikana. Hakuna anayekufa." Baada ya majuma mawili Hadija alijibu kwa sentensi moja: mama amekubali kusomewa tena.

Dada Klara aliisoma sentensi hiyo juu ya bega la Lightness.

"Watu wa ukumbini hawaoni sura yako wala hawajui nyumba yenu," alisema. "Wanachokijua ni maneno yako tu, na wanayachukua mpaka ndani kwao, kwa mama zao. Kusema 'sijasoma' au 'nimechoka' hakumpunguzii mtu heshima. Lakini ukimpa mwenzako neno ambalo hata wewe huna hakika nalo, atakayeumia ni yeye. Umeelewa?"

"Nimeelewa, dada."

"Haya, nenda ukamsaidie mama."

Lightness aliaga kwa heshima. Alikuwa bado amechoka, na mlima ulikuwa ukimngoja, lakini hakuwa tena na cha kuficha.