Jina Lake Kwenye Jezi ya Watani

"Msaliti ni msaliti tu! Hata umpake asali, ni msaliti!"

"Wewe acha. Kijana wa miaka ishirini na moja, kiungo anayepiga pasi kama ana macho kisogoni, ulitaka aozee hapa kwa ajili ya mapenzi yenu ya midomoni?"

"Aozee, ndiyo! Kwani sisi hatujaoza?"

Kicheko kikapasuka upande wa pili wa ukuta wa mbao. Upande huu, binti mmoja aliyekuwa ameinamia mashine ya kubandikia majina hakucheka. Mtaa mzima unamwita Fundi Jezi, maana ukitaka jina na namba mgongoni, iwe timu ya watoto au ya wazee wenye vitambi, unakwenda kwake.

Saluni ya jirani ni ya baba yake. Na saluni hiyo hiyo ndiyo tawi la mashabiki wa timu ya zambarau. Baba mtu ndiye kinyozi, ndiye mwenyekiti wa tawi, na ukileta ubishi anaweza kukuacha umenyolewa nusu kichwa mpaka ukubali hoja yake. Siku hizi hoja ilikuwa moja tu: Dira. Kiungo wao, kipenzi chao, mtoto waliyemwona akicheza peku, mwezi uliopita alikuwa ametimkia kwa watani wa jadi, timu ya machungwa. Na Jumamosi angerudi kucheza dhidi yao.

"Mimi bado nasema alisukumwa," sauti ya fundi viatu ikasikika. "Mtu unamzomea mechi tatu mfululizo, kocha anamweka benchi, halafu unashangaa kaondoka?"

"Tulimzomea bure?" Dereva wa lori akaja juu. "Na ile picha je?"

"Hapo sasa," baba mtu akadakia. "Ile picha ndiyo ushahidi. Jezi ya machungwa, namba nane, jina lake mgongoni. Na bado alikuwa anakula mshahara wetu! Mtu anachapisha jezi ya watani kabla hata hajaaga?"

"Lakini nani alivujisha?" fundi viatu akauliza.

"Kufuli. Nani mwingine?" dereva akajibu. "Golikipa wetu ndiye aliyekuwa rafiki yake. Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako."

Fundi Jezi akasahau kunyanyua mkono wa mashine. Harufu ya kuungua ikamshtua. Akavuta jezi, herufi zilikuwa zimejikunja zote. Akaitupa pembeni, akaketi juu ya mfuko wa vipande vya vitambaa, akafunika uso.

Ndani ya mfuko ule ule aliokalia, chini kabisa, ilikuwemo jezi ya machungwa, namba nane.

Aliitengeneza yeye. Hakuna aliyemwagiza.

Yeye na Dira walikuwa wapenzi mwaka wa pili sasa, kwa kujificha kama wezi wa kuku. Sababu ilikuwa sheria ya baba. Siku moja mteja alimtania kwamba atapata mkwe mchezaji, mzee akaweka wembe chini.

"Binti yangu haolewi na mchezaji wa timu hii, wallahi. Akikosa penalti, nimtetee kama mkwe au nimzomee kama shabiki? Mchezaji wa zambarau haingii nyumbani kwangu!"

Watu walicheka, lakini Fundi Jezi aliyameza maneno yale mazima mazima. Kwa hiyo Dira alipomnong'oneza kwamba watani wanamtaka, yeye masikini akapiga hesabu zake za mapenzi: akivaa machungwa, si mchezaji wa zambarau tena. Sheria imekufa. Harusi ipo.

"Nitawakatalia," Dira alisema. "Mama yangu atalia nikiondoka hapa. Nimewaambia watu wawili tu, wewe na Kufuli. Wewe unaonaje?"

"Fuata moyo wako," akajibu, mnafiki wa watu.

Siku hiyo hiyo akachukua jezi ya machungwa dukani kwake, akachapa jina la mpenzi wake, akaitandaza mezani aone itakavyopendeza. Ikapendeza kweli. Na kwa mazoea ya kazi, kwamba kila jezi ikitoka kwenye mashine lazima ipigwe picha iwekwe kwenye stetasi ya simu kuvutia wateja, mkono ukapiga, kidole kikatuma. Alipokuja kushtuka akaifuta haraka. Kumbe kuna aliyewahi.

Kufika jioni picha ilikuwa kila simu, imekatwa ukingo, hakuna anayejua ilikotoka. Mechi iliyofuata Dira alizomewa tangu anapasha misuli. Mama yake, aliyekuwa jukwaani na skafu yake ya zambarau, alifukuzwa kama mbwa. Baada ya mechi tatu za namna hiyo, kijana akasaini kwa watani kwa hasira.

Haya yote yangesameheka. Kilichomnyima usingizi Fundi Jezi ni jambo jingine. Dira alimpigia simu.

"Siri hii walijua watu wawili. Kama si wewe, ni nani?"

Naye akajibu neno moja tu.

"Kufuli."

---

Simu ikaita. Dira.

"Mbona sauti yako hivyo?"

"Nimeunguza jezi ya watu."

"Pole, mama. Sikiliza, Jumamosi nikipishana na yule golikipa, simpi mkono. Niliwahi kumwita ndugu yangu, ujue? Sasa hivi mtu niliyebaki naye ni wewe tu. Wewe peke yako hukunigeuka."

"Dira..."

"Naam?"

"Hamna. Kula vizuri."

Alipokata simu, mlango ulikuwa umezibwa na mtu mrefu. Kufuli mwenyewe, glavu kwapani, jezi mkononi, amekonda mpaka shati linampwaya.

"Habari za kazi, dada."

"Nzuri, kaka. Karibu."

"Nataka unichapie maneno machache ndani ya jezi yangu, upande wa ndani, wasione watu. Jumamosi nikibadilishana jezi na Dira, ayakute." Akakohoa. "Amenizuia kwenye simu. Nikimtuma mtu, anamfukuza."

"Maneno gani?"

"Sikusema mimi. Basi. Hayo tu."

Fundi Jezi akajifanya anatafuta karatasi.

"Dada, wewe unazifahamu jezi," Kufuli akaendelea. "Ile kwenye picha, nani anachapa namna ile? Nimezunguka kwa mafundi wote. Wananiambia namba nane yenye kiuno chembamba vile hawana."

Ukutani nyuma ya Fundi Jezi ilining'inia jezi ya timu ya bodaboda. Namba nane. Kiuno chembamba.

Kufuli akaiangalia. Akamwangalia yeye.

"Kaka, mimi..."

"Usiniambie mimi," Kufuli akasema polepole, mwanaume mzima machozi yanamlengalenga. "Mimi najua kwamba sikusema. Mwambie yeye."

Akaiacha jezi mezani, akatoka.

---

Alipiga simu akiwa amesimama, maana aliona akikaa atapata visingizio.

"Dira, ile picha niliipiga mimi. Jezi niliitengeneza mimi."

"Jezi ipi?"

"Unaijua."

Dira akauliza kwa sauti ya mtu anayetafuta pa kushika:

"Ulikuwa unatania, siyo? Mchezo tu?"

Jamani, hapo ndipo penyewe. Neno "ndiyo" lilikuwa mlangoni, limeshavaa viatu. Angelisema, wangelia pamoja, yangekwisha.

"Hapana. Sikuwa natania. Nilitaka uende. Baba alisema mchezaji wa zambarau haingii kwake, nikaona ukihama tutaoana. Ulikuwa unaniuliza ushauri, na mimi nilishaamua. Picha kutoka ilikuwa bahati mbaya. Lakini Kufuli sikumtaja kwa bahati mbaya. Nilimtaja kwa kuogopa kukukosa."

"Mama yangu walimtupia chupa."

"Najua."

"Ulikuja kumpa pole. Ulikaa kwenye kiti chake ukamshika mkono!"

"Nilikuja."

"Na hukusema."

"Sikusema."

Simu ikakatika. Akaandika ujumbe: "Nisamehe." Alama mbili zikageuka bluu; amesoma. Akaandika tena: "Usinisamehe mimi, lakini mpe Kufuli mkono." Bluu tena.

Upande wa pili wa ukuta, baba yake alikuwa anapanga nyimbo za kumzomea Dira Jumamosi. Watu wanapiga makofi, wanajaribu mapigo. Fundi Jezi akafukua mfuko, akatoa jezi, akaingia saluni bila hodi.

"Baba, zima hiyo mashine."

Dereva wa lori alikuwa kitini, povu shavu zima. Fundi viatu akabaki na kofi hewani.

Akaitandaza jezi ya machungwa juu ya kioo, jina likiwatazama wote.

"Ni hii. Nimeitengeneza mimi, hakuagiza mtu. Dira hakuwa amesaini popote. Alikuwa amekataa. Kufuli hakusema lolote. Na Dira ni mpenzi wangu, mwaka wa pili sasa."

Alingoja kofi. Halikuja. Baba yake alikuwa amekaa kwenye benchi la wateja, mahali ambapo hakuwahi kukaa tangu afungue saluni ile.

"Niliiona kwenye stetasi yako," mzee akasema. "Nikajua kuna mteja kaagiza. Nikakata ukingo wa picha wenye meza yako, watu wasije wakakuvamia kwa maswali. Nikaituma kwenye kundi letu la tawi."

"Wewe, baba?"

"Mimi. Nikasema nimeipata kwa mtu wa kuaminika." Akapangusa mikono kwenye aproni, ingawa ilikuwa mikavu. "Mwezi mzima nimemtukana kijana wa watu, kumbe moto nimewasha mwenyewe."

"Tumeuwasha wote, baba."

Dereva wa lori akajikunyata kitini na povu lake.

"Na yule mama," akasema, "mimi ndiye niliyemwambia atoke jukwaani."

Siku hiyo hakuna aliyenyolewa tena.

---

Jumamosi waliangalia mechi kwenye runinga ya saluni, kimya kama wako hospitali. Kabla ya filimbi, wachezaji wakipeana mikono, Dira alifika kwa Kufuli akasimama. Fundi Jezi akashika meza. Dira akamvuta golikipa kwa shingo, wakagandana mpaka mwamuzi akaja kuwatenganisha.

"Haya, angalau hilo," fundi viatu akanong'ona.

Mechi ikaisha bila bao. Kwa Fundi Jezi ujumbe haukuja, wala siku ya pili, wala wiki iliyofuata. Akala kwa kujilazimisha, akafanya kazi, na kila aliyemwuliza picha ilitoka wapi alimjibu, "Kwangu." Wateja wengine walimhama. Akawaacha waende.

Halafu mchana mmoja, saluni ikanyamaza ghafla, ubishi umekatwa katikati. Akachungulia.

Dira alikuwa amekaa kwenye kiti cha kunyolewa.

"Mzee, shikamoo. Naomba uninyoe."

"Marahaba," baba akasema. Akachukua wembe. Akaurudisha. "Mwanangu, mkono unatetemeka. Nitakukata."

"Si umeshanikata?"

Mzee akainamisha kichwa.

"Nimekukosea. Mbele ya hawa niliowachochea, nakuomba radhi."

"Mimi ni mchezaji, mzee. Kuzomewa ni kazi yangu. Wa kuombwa radhi ni mama yangu. Mpaka leo skafu yenu ameitundika ukutani, na mpira haangalii." Akageuka, akamwona aliyesimama mlangoni. "Na wewe. Bado nina hasira na wewe."

"Najua."

"Nimejaribu kukuacha. Nimeshindwa, na hilo nalo linanitia hasira."

"Siku nyingine nikitaka kitu kwako, nitakwambia kwa mdomo wangu."

"Sema sasa."

Wanaume wote wakageukia dari, kana kwamba kuna mechi huko.

"Nataka nikaongozane na wewe kwa mama," akasema. "Nimwambie mwenyewe. Akinifukuza, nifukuzwe."

Baba akavua aproni. Dereva akatafuta kofia yake. Fundi viatu, ambaye hakuwa na kosa lolote, naye akasimama.

"Mwenyekiti," akasema wakati mzee anafunga kufuli mlangoni, "kijana si wa zambarau tena. Kwa sheria yako, anaruhusiwa nyumbani."

"Nyamaza, mshenzi wewe," mzee akajibu, lakini macho yake yalikuwa yanacheka na kulia kwa pamoja.

Wakaenda kwa miguu, kundi zima, Dira mbele. Fundi Jezi alikuwa nyuma kabisa. Mama mtu akafungua mlango kabla hawajagonga. Akawaangalia mmoja mmoja. Alipomfikia dereva wa lori akamkazia macho, dereva akavua kofia.

"Mwanangu alikuwa hataki kwenda," mama akasema. "Picha ilipotoka, aliniapia hapa hapa. Mimi nataka kujua kitu kimoja tu. Nani alitaka aende?"

Dira akafungua mdomo. Baba naye akakohoa, tayari kujitwisha.

"Mimi, mama," sauti ikatoka nyuma. Watu wakampisha, akasogea mpaka mbele. "Ni mimi. Na ile siku nilipokushika mkono hapa ndani, nilikuwa nalijua hilo."

Mama akasogea pembeni, akaacha mlango wazi nusu.

"Hawa wangoje nje," akasema. "Wewe ingia kwanza."

Akavua viatu, akaingia.