Mbwa Asiyedondosha Manyoya Naye Huchanwa

Pelagia ni msusi. Banda lake liko karibu na soko la Kibondo. Asubuhi anakoroga uji, anafagia uwanja, kisha anakwenda kusuka. Mume wake, Ildefonsi, analima mihogo na maharage. Binti yao Ernesta yuko darasa la tatu.

Wana mbwa pia. Siyo kama hawa wetu wa kulinda. Huyu ni mdogo, mweupe, manyoya yake yamejikunja kama sufu ya kondoo. Jina lake Pamba. Aliachwa na daktari mmoja aliyehamishiwa Dodoma.

"Hadondoshi manyoya," daktari alisema siku ya kuwakabidhi.

Pelagia alilishika neno hilo. Majirani wakija, anawaonyesha mkeka. "Tazameni, hata unyoya mmoja hamuoni! Mbwa huyu hana usumbufu."

Kumbe hapo ndipo walipopotea. Walidhani mbwa asiyedondosha manyoya hahitaji kuchanwa. Jumamosi walimwogesha kwa sabuni ya unga, wakamwacha akauke mwenyewe. Basi.

Mtoto wa msusi naye hucheza kusuka. Wengine husuka nyasi, Ernesta alimsuka Pamba. "Mama, leo unataka mtindo gani?" anamuuliza mbwa. Krismasi ilipofika, akamfunga vimpira vya rangi kwenye manyoya ya masikio. Watu wakacheka sana.

"Huyo kapendeza kuliko bibi harusi!"

Sikukuu ikapita. Vimpira havikufunguliwa. Manyoya yakakua, yakavifunika. Mvua zikanyesha, tope jekundu likaingia. Pamba akawa anajikuna kichwa na kulia kidogo kidogo. Hakuna aliyetazama ndani.

Asubuhi moja Ernesta aliinama ambebe. Pamba akageuka ghafla. Meno yakanasa mkono wa sweta, yakauchana.

Pelagia alipiga yowe. Akamvua mtoto sweta, akakagua mkono mbele na nyuma. Ngozi haikuguswa. Hata hivyo akauosha kwa maji mengi na sabuni.

Ildefonsi alimfunga Pamba kwenye nguzo. "Huyo ana kichaa. Nileteeni mpini wa jembe."

"Baba, usimuue!"

"Nyamaza wewe! Unataka akumalize?"

"Baba Ernesta," Pelagia akasema, "tumwite kwanza Ghati. Yeye akisema ni kichaa, sitakuzuia."

Ghati ni afisa mifugo. Kwao ni Tarime, lakini amekaa sana Kibondo. Alishuka kwenye pikipiki akasalimia kwa Kiha, "Mwakeye!"

"Mwakeye," Ildefonsi akaitikia, mpini mkononi. "Kiha chako bado kina Kikurya ndani."

"Na wewe weka hilo gogo chini tuongee. Mbwa amechanjwa?"

"Amechanjwa mwaka huu."

"Anakula? Anakunywa maji?"

"Vizuri tu," Pelagia akajibu. "Ukimgusa kichwa ndiyo anakuwa mkali."

Ghati alimfunga Pamba mdomo taratibu kwa kitambaa laini. Akamshika mgongo, mbwa katulia. Akamshika sikio, mbwa akalia.

"Mama Ernesta, lete vidole vyako vya kazi. Unasikia nini hapa?"

Pelagia akapapasa. "Pagumu. Kama blanketi lililoshindiliwa. Na ndani kuna kitu kimekaza." Akanyoosha mkono kuchukua mkasi.

Ghati akamzuia. "Hapana! Donge likikaza huvuta ngozi juu. Utadhani unakata nywele, kumbe unakata sikio."

Alitoa mashine ya kunyolea, akaipitisha polepole chini ya donge, karibu na ngozi. Donge likatoka zima kama kipande cha zulia, na vimpira vingine ndani yake. Chini yake ngozi ilikuwa nyekundu, imelowa, ina kupe. Na pembeni mwa sikio kulikuwa na kimpira cha kijani, kimezama. Sikio lilikuwa limevimba.

Ernesta akaanza kulia.

"Usilie, mwanangu, tumewahi," Ghati akasema, akikikata kimpira kwa uangalifu. "Tungechelewa, ncha hii ingeoza. Huyu hana dalili ya kichaa, ana maumivu."

"Sasa hayo madonge yametoka wapi?" Ildefonsi akauliza. "Si hadondoshi manyoya?"

"Ndiko yanakotoka. Manyoya yaliyokufa hayaanguki chini. Yanabaki ndani, yanashikana na mazima. Mkimwosha kabla ya kumchana, mnayakaza zaidi. Mama Ernesta, mteja mwenye nywele zilizofungamana unamwosha kwanza?"

"Thubutu! Nazifungua kwanza, tena naanzia nchani."

"Basi hata mbwa ni hivyo hivyo."

Ghati akaendelea kueleza. Mchaneni kila siku kwa chanuo la meno mapana, sehemu kwa sehemu, mpaka chanuo lifike kwenye ngozi. Msisahau nyuma ya masikio, kwapani na chini ya ukanda wa shingo. Sabuni ya unga acheni, inamkausha ngozi. Tumieni ya mbwa, msuuze vizuri, mkausheni kwa taulo. Kila baada ya wiki sita hivi anyolewe. Vimpira, hata siku moja. Siku hizi msimwache kwenye jua kali, ngozi haijazoea.

Akamgeukia Ildefonsi. "Lakini hofu yako siyo ya kijinga. Mbwa yeyote akimng'ata mtu, osheni jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa robo saa, kisha kimbieni hospitali siku hiyo hiyo. Msimuue mbwa, mfungieni, mniite nimchunguze."

Akawaachia dawa ya kidonda na ya kupe.

Wazazi wenzangu, mbwa hasemi panapomuuma. Anasema kwa meno, na mkono wa mtoto ndio ulio karibu. Tazameni ndani ya manyoya mapema.

Sikio la Pamba limepona, limebaki na kovu dogo. Jioni Ernesta anamchana, na Ildefonsi anapenyeza vidole nyuma ya masikio kutafuta donge. Pamba analaza kichwa kwenye paja lake. Upande mmoja ukiisha, anajigeuza mwenyewe.