Makofi ya Marieta

Mwanaamina alipozima cherehani adhuhuri ile, mtu alipiga makofi nyuma ya pazia la chumba chake cha ushonaji. Yalikuwa mawili matatu tu, ya kivivu, kama ya mtu aliyechoka kusubiri mchezo uanze. Alifunua pazia. Palikuwa na ndoo ya vipande vya vitambaa na kandambili za mumewe, basi.

Mwenye akili zake angetoka nje. Lakini mezani palikuwa na gauni la Marieta Werema, na likija suala la Marieta, huyu fundi wetu akili alikuwa hana. Mtaa mzima wa Mwigobero, pale Musoma, ulijua. Tangu Marieta alipotoka kwenye kwaya huko Suguti hadi akawa malkia wa michezo ya jukwaani ya kuimba, Mwanaamina alimfuata kwa basi, na nauli ilipokosekana alimfuata kwenye simu. Alijua hata anapovutia pumzi. Alijua pia anavyomaliza: watu wakishangilia, Marieta hainami wala hashukuru. Husogea pembeni na kunyoosha mikono yote miwili kuelekea kona tupu ya jukwaa.

"Unyenyekevu gani ule!" aliwaambia wateja, machozi yakimlengalenga.

Gauni lilikuwa limefumuka ubavuni kwenye onyesho la Bunda, na Marieta alilileta mwenyewe, linanukia udi. "Shona tu, mdogo wangu," alisema. "Usilivae."

Alilivaa. Alifunga mlango, akasimama mbele ya kioo, akauimba wimbo wa mwisho wote, na kusema kweli aliuimba vibaya. Makofi yakafurika chumba kizima. Hapo ndipo angesogea pembeni, maana kila kitu cha Marieta alikuwa anakiiga. Hakusogea. Alijiuliza, kwani mimi nisipate changu hata siku moja? Akainama mpaka chini, akasema, "Asanteni."

Jioni alilirudisha gauni, macho chini.

Onyesho lililofuata lilikuwa Butiama, naye alikaa mbele kabisa. Marieta aliimba vizuri kuliko siku zote, hadi mama mmoja jirani yake akalia kwa sauti. Wimbo ulipokwisha, hakupiga makofi mtu. Watu waliiangalia mikono yao mapajani, wakashangaa. Mwanaamina alijaribu kuinua yake, ikawa mizito kama nguo zilizotoka majini. Jukwaani Marieta alinyoosha mikono kuelekea ile kona, akangoja, akaishusha taratibu. Mwanaamina aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto.

Aliporudi Musoma alimkuta mumewe, Fahadi, amekaa kibarazani, mlango ameufunga kwa nje.

"Mama Samia," alinong'ona, "humo ndani kuna nani?"

Mwanaamina alikuwa anayasikia mwenyewe, makofi ya ukumbi mzima ndani ya chumba kisichoenea watu sita, yakipanda na kushuka, yakinyamaza kidogo kama yanayomsikilizia anavyopumua kisha yakianza tena kwa furaha zaidi, na chini ya mlango ikitoka harufu ya udi na poda iliyolowa jasho, na kilichomtisha kuliko vyote ni kwamba shingo yake, bila yeye kuiambia, ilikuwa imeanza kuinama.

Asubuhi alikwenda nyumba ya wageni alikofikia Marieta, akapiga magoti, akasema yote.

"Mi nilidhani nimezeeka," Marieta alisema. "Nimelia usiku kucha nikijua nimeisha."

"Nisamehe, dada."

"Yule pepo alikujaga na hilo gauni. Aliyenifundisha kuigiza ndiye aliniachia. Chakula chake ni makofi, ndiyo maana nikishangiliwa nampaga yeye, pale kwenye kona. Ukiyapokea wewe, anakuwa wako, na makofi yote yanamfuata." Alisimama. "Twende kwako. Utaimba. Yakija, sogea, umwonyeshe mimi nilipo, useme si yangu. Kesho nina onyesho hapahapa Musoma, Mwanaamina. Sitaweza kusimama tena mbele ya watu walionyamaza vile."

"Nitasema, dada. Wallahi nitasema."

Marieta alivua viatu mlangoni, akakaa kwenye kigoda cha wateja na gauni mapajani. Mwanaamina aliimba, sauti ikimkwaruza. Alipomaliza, makofi yalishuka juu yake kwa wingi na upole ambao hajawahi kupewa na mtu, si na mama yake, si na Fahadi. Alimtazama Marieta, mwanamke aliyempenda kuliko wote, anayemkazia macho ya kuomba. Mguu ulianza kusogea pembeni. Ukasimama.

"Si..." alisema.

Makofi yakaanza kupungua. Chumba kikawa kitupu, cha baridi, chumba cha fundi tu.

Akainama. "Asanteni," alinong'ona, "asanteni sana," na machozi ya aibu yakamdondokea miguuni. Makofi yalirudi kwa kishindo, kiasi kwamba hakumsikia Marieta akiacha gauni juu ya kigoda, akivaa viatu vyake na kuufunga mlango taratibu.