Mkate wa Masae

Mkate ulinukia ubani. Chizuru aliunusa tena, kisha akamtazama kwa jicho baya Genta, aliyekaa jirani yake.

"Umenichezea mkate wangu?" alinong'ona. "Umepaka nini?"

"Nipake nini, dada? Chora. Mwenzio nimeshafeli mara moja, sina muda huo."

Katika darasa lile la Tokyo la kujiandaa na mtihani wa kuingia chuo hakuna aliyemwamini mwenzake. Wote waliwania nafasi chache za chuo cha sanaa. Chizuru alikuwa ameshaanguka mara mbili, na baba yake alisema huu unaokuja ndio mtihani wa mwisho. Akikosa, anakwenda kuuza vyombo dukani kwao. Kazi yenyewe ni kuipaka karatasi ya kijivu makaa hadi iwe nyeusi tii, kisha kuutoa mwanga kwa kufuta, na badala ya raba wao hufutia nyama laini ya ndani ya mkate, iliyofinyangwa. Mkate ukiwa na mafuta, karatasi imekwisha.

Alianza kufuta karatasini, pale penye paji la uso la sanamu ya plasta iliyowekwa mbele yao. Likatoka jicho, lililo wazi, ilhali sanamu ilikuwa imefumba macho. Akalifunika kwa makaa. Akafuta kwingine, likatoka jicho la pili, kisha pua, kisha mdomo uliopinda kidogo, na kadiri alivyoharakisha kuufunika ndivyo ubani ulivyozidi kumkaba koo, na vidole vyake vikaendelea kufuta vyenyewe, taratibu, kwa ustadi ambao hakuwahi kuwa nao maishani.

Mwalimu Kuroda alisimama nyuma yake. "Leo ndiyo umechora," alisema kwa sauti ya chini. "Nani huyu?"

Alikuwa Masae, dada yake, aliyefariki akijiandaa kwa mtihani huohuo.

Jioni Chizuru alimkuta mama amepiga magoti mbele ya picha ya Masae, ubani ukifuka, akikata mkate uliowekwa pale kwa ajili ya marehemu.

"Mama, mkate wangu unautoa hapo?"

"Sasa niutoe wapi?"

"Cha marehemu tunakila, mama. Hatufutii makaa. Tukifanya hivyo tunamwita."

"Alibakiza mtihani mmoja tu," mama alisema bila kugeuka. "Wewe umeshafanya miwili. Huu mwachie dada yako."

Akamnyooshea kipande. Chizuru alitaka kukataa, lakini mkono wake ulikuwa umeshakipokea.