Msomaji wa Kwanza wa Matroni Dorotea

Kitabu kilirudi kimelowa.

Abeid, mwenye duka la vitabu, alikishika kwa ncha za vidole, akakiweka juu ya kaunta na kukisukuma upande wa Matroni Dorotea. Kiangazi kilikuwa kimekaza, vumbi la Nyamagana limewaingia watu mpaka kwenye kope, na bati la duka lile halikuwa na tundu hata moja. Lakini *Taa ya Bweni la Pili* kilikuwa kinachuruzika maji, na maji yenyewe yalinuka tope la ziwani na magugu maji yaliyooza.

"Umekimwagia maji, Abeid," alisema Dorotea.

"Wallahi sijakimwagia, Matroni. Kila asubuhi nakikuta kizingitini, nje, na kufuli nimefunga kwa mkono wangu. Nakirudisha kwenye rafu, nafukiza ubani kabla ya kufungua biashara kama siku zote, kesho yake nakikuta nje tena. Leo ndiyo kimelowa."

"Na vingine?"

"Vyako vyote. Vya mtihani vimetulia mahali pake."

Dorotea alitazama chini ili kijana asimwone macho. Mtu asiyemjua angeshangaa mwanamke mzima, mwenye mvi zake, kutaka kulia dukani kwa ajili ya karatasi zilizolowa. Lakini kitabu kile ndicho kitu pekee alichokuwa nacho duniani. Alikuwa matroni wa shule ya bweni ya wasichana tangu ujana wake mpaka alipostaafu. Amewauguza watoto wa watu malaria, amewasuka, amewanyang'anya barua za wavulana, na yeye mwenyewe hakujaliwa mume wala mtoto. Alipostaafu akarudi kwenye kijumba chake cha Igoma, na simu ikanyamaza. Ndipo akaandika hadithi ya msichana ambaye siku ya kutembelewa hakuna mtu aliyekuja kumwona. Kiinua mgongo chake kikaishia kwa mchapaji, maboksi yakaja kwa basi, naye akaanza kuzunguka madukani.

Duka la kwanza walimwambia watu hawasomi. La pili wakamwambia watu wanasoma, ila vya mtihani. Mwenye duka la tatu aliuliza kama kinafundisha kufuga kuku, na aliposikia hakifundishi akasikitika kwa dhati, kama mtu aliyepewa habari za msiba. Supamaketi moja wakamweka kwenye benchi mpaka mchana, kisha wakamuuliza mbona hakina ile mistari ya kupitisha kwenye mashine. Abeid peke yake ndiye aliyekubali kupokea vichache kwa mali kauli, kwamba aviache hapo, kikiuzwa wagawane.

Na kimoja kiliuzwa! Alikinunua binti mmoja wa Buhongwa anayesomea uuguzi, jina lake Gladness. Akaipata namba ya simu nyuma ya jalada, akapiga. "Shikamoo mama, ni wewe uliyeandika? Mimi nami nilikuwa sitembelewi shuleni. Nimekisoma nusu, nimelia kwenye bajaji mpaka dereva akasimama." Siku ile Dorotea alipika wali na nyama, akala peke yake huku akiutabasamia ukuta.

Sasa alivibeba vitabu vilivyolowa alivyoweza, vingine akaviacha kwa Abeid, akapanda gari hadi Igoma, akavitandaza juu ya mkeka katika chumba cha nyuma, kando ya maboksi. Akafunga mlango, akatoka uani kuwasha jiko.

Jua lilikuwa linazama aliposikia karatasi ikifunuliwa ndani ya chumba kile. Panya, akajisemea. Lakini panya hutafuna haraka haraka, na hiki kilikuwa kitu kingine. Ukurasa ulifunuliwa, kukawa kimya kwa muda wa mtu kusoma ukurasa mzima, kisha ukafunuliwa mwingine. Dorotea aliacha jiko likifuka moshi, akaingia ukumbini kwa kunyata, akasimama nje ya ule mlango aliokuwa ameufunga mwenyewe, harufu ya tope la ziwani ikimjia kwa chini miguuni, na akiwa bado anajiuliza kama apige kelele majirani waje au avute kitasa aone mwenyewe, akasikia kicheko, kicheko kidogo cha puani, cha mtu aliyechekeshwa akiwa peke yake. Aliijua sehemu ile. Ilikuwa pale viranja wanapokamatwa na sufuria la maharage chini ya kitanda.

"Nani?" aliuliza kwa sauti isiyofika mbali.

Ukurasa ukafunuliwa.

Angekuwa mwingine angekimbia. Dorotea aliogopa, lakini hakukimbia. Alikaa chini sakafuni, mgongo ukutani, akasikiliza. Na msomaji alipofika siku ya kutembelewa, pale ambapo Dorotea mwenyewe alilia akiandika, akasikia kule ndani kilio cha kujizuia. Alikuwa ametamani kitu hicho maisha yake yote, mtu wa kulia mahali pale pale. Akajikuta na yeye analia, hofu na furaha vikiwa vimechanganyika.

Jioni iliyofuata alikaa tena mlangoni, na iliyofuata tena. Hakumwambia mtu, na wala hakuwa na mtu wa kumwambia. Akaanza kusema "habari za mchana" akitoka sokoni. Siku moja alijibiwa.

"Nzuri," ilisema sauti ya kulowa, ya taratibu, iliyotamka maneno kama alivyokuwa akiyatamka yeye.

Hapo ndipo alipaswa kushtuka kweli kweli, lakini upweke una mambo yake. Alishtuka asubuhi alipofunga vitabu kwenye mfuko ajaribu duka moja jipya barabara ya Musoma. Alipofika kizingitini mfuko ukawa mzito kama umejaa mawe, ukamponyoka, na maji yakaanza kutoka ndani yake yakitiririka kurudi chumbani.

"Unavipeleka wapi?" sauti iliuliza nyuma yake. "Ni vyangu."

"Ni vya watu wote," alisema Dorotea.

"Ulisema ni vyangu."

Kabla hajakaa sawa, simu ikalia. Alikuwa Gladness, na alikuwa anashindwa kupumua kwa kulia.

"Mama, siwezi kusoma."

"Huwezi kusoma nini, mwanangu?"

"Chochote! Nilikuwa namalizia kitabu chako. Kila nikikifungua mtu ananipumulia sikioni, ananifunulia kurasa kabla sijamaliza. Jana nikachoka, nikasema, niache, hiki ni changu, nimekinunua. Mama, nikafunikwa macho na mkono. Wa baridi, umelowa. Tangu hapo watu nawaona, vitu naviona, ila maandishi yote naona maji yanatembea. Daktari anasema macho ni mazima. Jina la dawa siwezi kusoma, nitamchomaje mgonjwa sindano? Watanifukuza chuo."

Dorotea aliwahi kukaa na wasichana wenye homa kali, akawaambia watapona bila kujua kama watapona. Safari hii hakuthubutu. Aliahidi atafanya kitu, akakata simu, akaenda mbio kwa Abeid.

Abeid hakuuliza maswali mengi. Alifunga duka, akamchukua bibi yake mzaa mama, Bibi Mwanaheri, mwanamke mfupi aliyekuwa anatibu watu wenye majini tangu Abeid hajazaliwa, wakaja wote Igoma alasiri ile ile.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Harufu hii imeanza lini?"

Alitia ubani kwenye chetezo, akazunguka chumba mara moja, akasoma aya zake kwa sauti ya chini. Moshi ulifika kwenye maboksi ukarudi nyuma. Bibi Mwanaheri aliweka chetezo chini, akakaa mkekani akifikiri.

"Huyu hana ugomvi," alisema polepole. "Aliyeingia kwa nguvu hupiga kelele akifukuzwa. Huyu amekaa kama mgeni aliyekaribishwa. Kitabu chenyewe kinasemaje? Nisomee pale mwanzo."

Dorotea akafungua. Waandishi wengine kwenye ukurasa ule humtaja mume, wazazi, watoto. Yeye alikuwa ameutazama ukurasa ule mtupu kwa siku nyingi kabla ya kuandika. Akasoma, "Kitabu hiki nakitoa kwa yeyote asiye na mtu wake. Ni chako. Mlango wangu uko wazi."

Abeid alishusha pumzi.

"Maneno hayo uliyasema kwa mdomo?" aliuliza Bibi Mwanaheri.

"Niliyasoma."

"Wapi?"

Dorotea aliona aibu kueleza. Maboksi yalipofika alitaka kufanya uzinduzi kama wanavyofanya waandishi wenzake. Akaandika mwaliko kwenye kundi la simu la walimu wastaafu, wakamjibu kwa vidole gumba na maua, na siku yenyewe hakuja hata mmoja. Soda zikapata moto. Basi akachukua nakala moja, akashuka mpaka kwenye mawe ya ufukweni, akayasomea maji.

"Saa za magharibi?"

"Jua lilikuwa linazama, ndiyo."

"Mwanangu! Na wewe umezaliwa hapa hapa! Hata watoto wa wavuvi wa mwaloni hawaitani majina ufukweni saa zile, kwa sababu hujui nani mwingine ataitika. Wewe umeita, umetoa na zawadi, umeonyesha na mlango."

"Nilikuwa peke yangu, bibi."

"Na yeye hivyo hivyo," alisema mganga, na sauti yake ililegea kidogo. "Moshi hautamtoa. Dawa ni moja tu. Kitabu ukitoe upya kwa mtu mwingine. Mtu hai, mwenye jina, akubali kwa kinywa chake kwamba wewe ni wake na yeye ni wako. Hapo huyu hatakuwa na haki tena. Haya, nitajie. Una nani?"

Dorotea aliwapitia mmoja mmoja. Dada yake alikwishakufa. Walimu wenzake ndio wale wa vidole gumba. Wasichana wa bweni walikuwa mamia kwa mamia, na alikumbuka majina yao, na wao labda walikumbuka fimbo yake. Gladness? Kumtaja Gladness, kabla hajafika kukubali kwa kinywa chake, kungekuwa kumrudisha mikononi mwa yule yule aliyemfunika macho. Alimtazama Abeid. Abeid alikuwa na mke na mtoto mchanga, na macho yake yalikuwa sakafuni.

"Mimi siwezi kuwa," alisema Bibi Mwanaheri bila kuulizwa. "Mganga hajitii kwenye dawa yake. Jirani? Mtu wa kanisani kwako?"

"Wananisalimia," alisema Dorotea.

"Salamu haitoshi. Una nani, mwanangu?"

Mwanga wa dirishani ulikuwa umeanza kuwa mwekundu, na huku mganga akisubiri na kijana akisubiri na Dorotea akipekua maisha yake yote kuanzia nyuma kama mtu anayetafuta ufunguo kwenye mkoba ambao anajua umebaki mtupu, makaa ya chetezo yakalia chiii, yakazima, maji yakaanza kupanda taratibu kati ya nyuzi za mkeka yakiwalowesha miguu, na kutoka nyuma ya maboksi, kwa upole, kwa sauti ya mtu anayemsaidia mwenzake aliyekwama, likaja jibu.

"Ana mimi."

Abeid alitoka mbio, akaacha viatu. Bibi Mwanaheri alishika tasbihi kwa mikono miwili na hakuinuka. Dorotea alijua kwamba alipaswa kupiga yowe. Ila alichokisikia moyoni ni shukrani, na hilo ndilo lililomtisha kuliko sauti yenyewe.

"Mrudishie yule binti macho yake," alisema.

"Utaniandikia kingine?"

"Nitaandika."

"Mimi tu?"

"Usijibu!" mganga alimshika mkono. "Nyamaza, Dorotea. Tutatafuta njia nyingine, hata kama ni mwezi."

Lakini Dorotea alikuwa anamwona Gladness amesimama wodini na kichupa cha dawa, anakigeuza geuza, hajui ni nini. Mwezi ulikuwa mrefu mno kwa mtoto wa watu.

"Wewe tu," alisema.

Maji yakanywea sakafuni. Bibi Mwanaheri aliondoka bila kuaga, akakataa kupokea chochote. Vitabu vilivyokuwa vimebaki kwa Abeid, mwenyewe alivileta mpaka getini, akavitua chini, akasema kwa heri Matroni bila kumtazama.

Baada ya hapo, kila jua lilipoinama, Dorotea aliketi kwenye meza ya chumba cha nyuma na kuandika, naye msomaji wake akisimama nyuma ya kiti, akicheka panapochekesha. Aliandika vizuri kuliko alivyowahi kuandika. Jioni moja, akiwa katikati ya sentensi, simu ikatetemeka mezani.

"Shikamoo mama! Ni mimi, Gladness! Mama, nasoma! Kuanzia jioni ya siku ile niliyokupigia, ghafla tu, nasoma mpaka vibao vya barabarani! Na nimemaliza kitabu chako. Nimewasimulia wenzangu wote hosteli, wanakitaka. Mama, nisikilize. Jumapili nakuja kukuona. Niambie unakaa Igoma sehemu gani. Mimi sina mama, nilitaka nikuombe—"

Pumzi ya baridi ilimgusa Dorotea shingoni. Ilikuwa inasikiliza.

Alikumbuka ule mkono wa baridi uliomfunika binti macho.

"Umekosea namba, binti," alisema.

"Mama? Si ni wewe? Sauti yako naijua—"

"Umekosea namba. Usipige tena."

Akakata, akaizima simu kabisa, akaifunika uso chini.

"Nani huyo?" iliuliza sauti.

"Hakuna mtu," alijibu Dorotea, akachukua kalamu, akaendelea pale alipokuwa ameishia.