Jina la Evon Nyuma ya Kijitabu

"Hilo boksi ni langu," Fedosia alisema, ameshika upande mmoja.

"Langu," alijibu mwanamume aliyeshika upande wa pili.

Ndege kutoka Dillingham ilikuwa imetua Anchorage, Alaska, na kila abiria alikuwa na boksi la samoni waliogandishwa. Fedosia, muuguzi, alivaa gauni fupi la maua mekundu lenye kofia. Evon, mwalimu wa Kiyupik, lugha ya wenyeji, chuoni, alivaa koti lililoharibika zipu.

"Fungua tuone. Samaki wangu, mama amewakata vichwa."

"Wa shangazi yangu wana vichwa. Nani anatupa kichwa cha samaki?"

Walipofungua, vichwa vikawatazama. Fedosia akaona haya. Evon akampa kichwa kimoja, na namba ya simu.

Majira yote ya baridi wakala supu ya vichwa kila Jumapili, wakibishana kuhusu chumvi.

Mwezi wa tatu mama yake Fedosia akapiga simu kutoka Dillingham. "Mwanangu, wale wa mgodi wametuletea kijitabu cha Kiyupik. Nyuma kuna jina la huyo mtu wako."

Mgodi wenyewe ungechimbwa kwenye vyanzo vya mito, samoni wanakozalia. Fedosia alimpigia Evon papo hapo.

"Umewatafsiria wale?"

"Nimetafsiri. Ila sikia, mpenzi..."

"Mama yangu anaishi kwa mto ule, Evon."

"Kisome kwanza."

"Sikisomi."

Akakata, akaifungia namba yake. Kiyupik alikisema vizuri. Kukisoma hakujua, na hakuwahi kumwambia.

Mwezi wa nne maofisa wa serikali, pamoja na watu wa kampuni ya mgodi, walikuja Dillingham kusikiliza maoni, katika ukumbi wa michezo wa shule. Fedosia alisafiri kwenda kusema. Mama yake akamtangulia kusimama, kijitabu mkononi, akawageukia watu wa kampuni.

"Miaka mingi mnatuambia kwa Kiingereza kwamba bwawa la matope ya mgodi litakuwa salama. Hapa mmeandika kwa lugha yangu: matope yana sumu, na lazima yalindwe milele. Nani atayalinda milele? Wewe? Una miaka mingapi?"

Msemaji wa kampuni akakohoa. "Nadhani hilo ni kosa la mfasiri."

"Si kosa," sauti ilitoka mlangoni. Ni Evon, miwani imejaa ukungu. "Kwa Kiingereza iko hivyohivyo, ukurasa wa tisa wa ripoti mliyogawa mlangoni. Nimeondoa tu maneno marefu."

Ukumbi mzima ukaanza kufunua ukurasa wa tisa. Watu wakasimama kusema mmoja mmoja mpaka maofisa wakaishiwa karatasi za kuandikia.

Fedosia alimkuta Evon nje, kwenye theluji iliyogeuka tope.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia usome. Halafu nikapiga mara kumi na nne."

"Sijui kukisoma, Evon."

"Mimi ni mwalimu, Fedo. Si ungesema?"

"Nimwambie mtu niliyemkasirikia?"

"Basi nikuoe, nikufundishe bure."

Fedosia akashusha pumzi. "Uamuzi wa mgodi haujatoka. Samaki wanaingia mtoni mwezi wa sita, mama hana mtu wa kuvuta nyavu, na wewe unaniletea ndoa kwenye tope."

"Hiyo ni hapana?"

"Ni ndiyo. Unachosha, lakini ni ndiyo." Akamgeuza kwa mabega kuelekea ukumbini. "Ila mama utamwambia wewe."