Daktari Alisema Jaffar ni Mzima

Hafswa alikuwa darini akianika nguo aliposikia harufu ya gesi. Alishuka ngazi mbio. Jiko lilikuwa wazi, moto hakuna, na birika halina hata tone la maji. Mumewe, Jaffar, alikuwa ameketi papo hapo, ametulia tuli.

"Baba Duha! Huisikii hii harufu?"

"Harufu gani?"

Hafswa alifunga gesi, akafungua madirisha yote. Hakumgombeza mumewe. Angemgombeza, baada ya muda mfupi Jaffar angekuwa amesahau.

Zamani Jaffar aliuza kanga katika duka moja la Biashara Street. Alijua kila mteja anapenda rangi gani. Kisha siku moja akivuka barabara, pikipiki ilimgonga. Aliumia ubongo. Kidonda kilipona na nywele zikaota juu yake, kwa hiyo ukimtazama huoni kitu. Lakini Jaffar huanza jambo akaliacha njiani. Hupotea katika vichochoro vya Mji wa Kale, mtaa aliozaliwa. Hafswa aliacha kazi yake ya ushonaji ili amlinde, na sasa walikula kwa hisani ya ndugu.

Kuna msaada wa serikali kwa watu wenye ulemavu mkubwa. Ili kuuomba, Jaffar alihitaji kwanza kupimwa hospitali.

Siku ya kupimwa, Hafswa alimwandaa mumewe kama bwana harusi. Alimvisha kanzu iliyopigwa pasi na kofia mpya, akamfukiza udi. Kwao mtu hatoki ovyo mbele za watu.

Jaffar aliingia chumbani kwa daktari kifua mbele.

"Salaam alaikum! Sabalkheri, daktari. Waamkaje? Nyumbani hawajambo? Watoto wazima?"

"Wazima, mzee wangu," daktari alicheka. "Leo siku gani?"

Jaffar alimgeukia mkewe.

"Jumatano," Hafswa akanong'ona.

"Jumatano!" Jaffar akasema.

Kila swali lilikwenda hivyo. Jaffar alipokwama, Hafswa alimjibia. Hakutaka mumewe aaibike.

Daktari aliweka kalamu chini. "Mama, huyu ni mzima. Huko nje kuna watu hawana miguu. Waacheni nao wapate nafasi."

Mzima! Mtu aliyetaka kulipua nyumba juzijuzi, eti mzima! Daktari hakuomba hata kuona picha ya ubongo. Alimtazama kanzu na kumsikiliza salamu, basi, kazi imekwisha.

Hafswa alirudi nyumbani akilia kwa hasira. Ngazini alikutana na Mbodze, jirani wa chini. Mbodze hufanya kazi ya kuwafundisha wagonjwa waliopooza na walioumia vichwa kufanya tena mambo ya kila siku.

"Mama Duha, una nini?"

Hafswa alimweleza yote. Mbodze alisonya.

"Huyo daktari amekosea vibaya sana! Jeraha la ubongo halionekani kwa macho. Na salamu mtu hufundishwa tangu mdogo. Mara nyingi hubaki hata mengine yakipotea. Lakini nawe, dada yangu, umemsaidia kukosea."

"Mimi?"

"Ulimjibia. Ulimpamba. Ulimwonyesha Jaffar wa siku nzuri. Daktari hakumwona wa kila siku."

"Wataka nimuumbue mume wangu mbele ya watu?"

"Nataka useme kweli. Hamkuridhika, basi ombeni apimwe tena. Ni haki yenu. Chukua barua ya hospitali aliyolazwa na picha za ubongo. Wewe unayeishi naye ueleze asichoweza kufanya peke yake. Akiulizwa, mwache ajibu mwenyewe, hata akikosa."

"Kisha?"

"Wakikubali, ataandikishwa apewe kadi ya mtu mwenye ulemavu. Kadi peke yake si pesa. Msaada wenyewe utauomba katika ofisi ya ustawi wa jamii, nao watakuja nyumbani kuona hali. Na mtu akitaka umpe chochote mkononi ili akusaidie, usimpe!"

Waliomba, na mara ya pili Jaffar alipimwa na daktari mwingine, mwanamke. Jaffar alimsalimu salamu zake zote. Hafswa aliweka picha za ubongo mezani.

"Mzee, umefikaje hapa leo?" daktari aliuliza.

Jaffar alimtazama mkewe. Hafswa aliuma mtandio wake. Jaffar alimtazama tena, macho yanaomba. Hafswa alihisi moyo unapasuka, lakini hakufungua kinywa.

Jaffar akatabasamu. "Sabalkheri, daktari," akasema. "Waamkaje? Nyumbani hawajambo?"

Daktari hakucheka. Alimgeukia Hafswa. "Nieleze, mama."

Hafswa alieleza kila kitu: jiko, vichochoro, na namna anavyomfungia vifungo vya kanzu. Alisema huku machozi yanamtoka, na sauti yake ilisikika mpaka nje. Hakujali.

Jaffar alipata kadi. Maafisa walikuja nyumbani, na baada ya kungoja sana, msaada ulianza kuingia. Si mwingi, lakini unamlipa mtu wa kukaa na Jaffar asubuhi. Hafswa amerudi kwenye cherehani yake.

Shoga yake Mwanarusi alikuja kumpongeza. Mama yake Mwanarusi amepooza upande mmoja, na hawajawahi kuomba chochote.

"Nyinyi mna bahati, shoga," Mwanarusi alisema.

Hafswa aliweka kikombe chini kwa kishindo.

"Bahati? Mume wangu kavunjwa kitwa, waniambia bahati! Hii ni haki yake, na walitaka kutunyima. Na mamako je, yuwamngojea nani ampe haki yake? Inuka uvae buibui, twende!"